Matundu ya Kofia: Siku Kumi Lamu

Basi la kutoka Mombasa huishia Mokowe. Hapo barabara imekwisha na bara imekwisha, na msafiri mwenye haraka zake hulazimika kuziweka chini pamoja na mizigo yake, akingojea mashua ijae. Nilifika alasiri, miguu imenivimba kwa safari ya kutwa, na kichwani nimevaa kofia ya mashine niliyoinunua Mombasa. Habari ya kofia naitanguliza kwa kuwa ndiyo iliyoniaibisha.

Dada yangu mkubwa anakaa Mkomani, katika nyumba ya mawe ya matumbawe na chokaa aliyoingia akiwa bibi harusi. Alinipokea mlangoni, akanitazama usoni, kisha akatazama juu ya uso. Hakusema neno. Miaka miwili nyuma alinipelekea kofia ya vito aliyoishona kwa mkono wake. Niliivaa Idi moja tu. Baada ya swala rafiki yangu mmoja aliniambia, kwa mzaha, kwamba matundu ya upande wa kushoto yanapanda mlima. Tangu siku hiyo kofia ilikaa sandukuni. Sikumwambia dada, naye hakuuliza.

Kwa asiyeijua kazi hii, kofia ni vipande viwili: duara la juu, na ukanda unaozunguka kichwa. Kila kipande ni kitambaa cheupe cha pamba cha tabaka mbili, zinazoshikanishwa kwa mishono. Nakshi huchorwa kwanza kwa penseli. Kisha kila tundu hutobolewa, na ukingo wake huzungushiwa uzi, mshono ubavuni mwa mshono, mpaka usimame imara. Matundu hayo ni pambo, na tena hupitisha hewa, na mwenye kuishi pwani anajua thamani ya hewa kichwani. Kofia moja nzuri huchukua miezi, kwani mshonaji hashoni kutwa. Hushona baina ya chungu na mtoto, baina ya adhuhuri na alasiri. Lamu wanaume pia hudarizi, utawakuta barazani wameinama. Lakini kofia ngapi tunazovaa misikitini zimetoka katika mikono ya wanawake ambao hatukupata kuwauliza majina yao?

Dada hushonea kiwandani, ule uwanja wa ndani ulio wazi juu, maana ndimo mnamoingia nuru. Hukaa asubuhi baada ya kufagia, na huondoka jua linaposimama utosini, kwa kuwa wakati huo ukuta mweupe hung'aa na uzi mweupe hupotea ndani ya kitambaa cheupe. Siku ya tatu nilimwona ameinua sindano juu angani, analenga uzi na kukosa, analenga na kukosa.

“Maalim,” akasema, “nitungie uzi.”

Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Nilikuwa sijui. Nikaketi, nikamtungia sindano sita na kuzichomeka katika kipande cha kanga kuukuu, ili azikute tayari. Nilipotaka kuinuka akanipa kipande cha kitambaa kilichokwisha chorwa. “Ndoo, ushone tundu moja. Moja tu, upate kujua.”

Mimi ni mtu wa miaka hamsini na kitu. Nimeandika kwa kalamu ya mwanzi, nimefundisha khati, nikadhani mkono wangu una adabu. Mshono wa kwanza ulikuwa mrefu, wa pili ukaukanyaga wa kwanza, wa tatu ukaacha pengo. Nikafumua. Nikaanza upya, na mara hii tundu likawa na pembe kama jiwe la mchanga. Nikafumua tena. Mara ya nne nyuzi za kitambaa chenyewe zilikatika, na palipokuwa na tundu la kupenya punje ya mtama pakawa na shimo la kuingia kidole.

Dada alipapasa kwa dole gumba, akacheka. “Ulikuwa na tundu baya. Sasa huna tundu wala kitambaa.”

Akanieleza kanuni yake, nami naiandika kama nilivyoisikia. Mshono ulioachia ukingo, fumua papo hapo, kwa sababu kesho kofia ikifuliwa tundu lote litafunguka. Mshono uliokaa upande lakini umeshika, uache, nenda kwenye tundu la pili. Mkono hujifunza kwa kwenda mbele. Ukirudi nyuma kila mara, mkono unajifunza kufumua.

Wasomaji waliosoma tajwidi wameshajua nilipokwenda kwa fikra. Wanavyuoni wetu wamegawa makosa ya usomaji mafungu mawili: lahni jali, kosa la wazi linalogeuza neno, na lahni khafi, kosa lililofichika, kama ghunna isiyotimia. La kwanza halina msamaha, husahihishwa hapo hapo, na katika hili sibadili neno. La pili husahihishwa pia, lakini kwa muda wake. Mimi nalifundisha hilo, na bado nilikuwa na mwanafunzi wa miaka tisa niliyemrudisha mwanzo wa sura kwa kila ghunna. Siku moja nilimrudisha mara saba. Juma lililofuata hakuja, wala lililofuata. Nilisema watoto wa siku hizi hawana subira. Na ile hadithi ya Bibi Aisha, ya kwamba mwenye kusoma Qur'ani kwa kukwamakwama na kwa tabu ana ujira mara mbili, nimeisoma mimbarini si mara moja.

Jioni nilikuwa nikitembea vichochoroni, nikipishana na punda. Nilianza kutazama nyumba kwa jicho la sindano. Vyumba vya kale vya Lamu ni vyembamba kwa kuwa upana wake ni urefu wa boriti ya mkoko, na hapana boriti mbili zilizonyooka sawasawa. Kuta huvimba na kubonyea. Zidaka za chokaa, zile safu za vishubaka ukutani, kwa mbali ni kama mistari ya msahafu. Ukikaribia unaona hiki kimekuwa kipana zaidi na kile upinde wake umelala. Mwaka 2001 UNESCO iliuingiza mji huu katika urithi wa dunia, na hakuna aliyetakiwa kwanza anyooshe kuta.

Kuna msemo unaopendwa na wageni, kwamba mafundi Waislamu wa kale waliacha kosa makusudi kwa kuwa ukamilifu ni wa Mwenyezi Mungu peke yake. Nilimuuliza dada. Akanijibu kwamba yeye hajapata kukosa nafasi ya kukosea hata aitengeneze. Nami naona mtu anayelazimika kutia kosa kwa kusudi amejidhania makubwa.

Kwa siku saba zilizobaki nilishona matundu kumi na manne. Matatu ya mwisho yalikaribia kuwa duara. Hakuna hata moja linaloweza kuuzwa. Siku ya kuondoka nilimweleza habari ya kofia iliyo sandukuni, na ya yule rafiki na mlima wake. Alinyamaza kidogo. Kisha akasema kofia ile aliishona macho yalipoanza kuingia ukungu, na upande wa kushoto ndio uliomalizikia.

Niliporudi Mombasa nilikwenda kwa baba yake yule mtoto, nikabisha hodi, nikasema lililonipeleka. Mtoto amerudi, juma la nne sasa. Bado anakosea pale pale, nasi tunapita, halafu tunaparudia kesho.

Juzi abiria mmoja ameniletea kifurushi kutoka Lamu. Ni kofia mpya, dada ameimaliza kabla ya kufanyiwa upasuaji wa jicho la kwanza, na amesema ametia ndani yake kipande changu, matundu yote kumi na manne. Niliizungusha chini ya taa nikiyatafuta. Safu za upande wa kisogoni zilikuwa zinapanda na kushuka, lakini nilipohesabu zilikuwa na matundu zaidi ya thelathini, na nilishindwa kutenga yangu na yake. Ijumaa nilikwenda nayo msikitini, na ile ya Idi nimeitoa sandukuni, ipo kambani inaanikwa.