Onyesha njia

Nilimaliza darasa la saba mwaka 1984 hapa Ipole, wakati Sikonge ilikuwa haijawa wilaya inayojitegemea. Tulikuwa miongoni mwa watoto walioandikishwa kwa wingi serikali ilipotangaza elimu ya msingi kwa wote. Madarasa yalifurika, lakini sekondari hazikuongezeka kwa kasi hiyo. Nchi nzima, katika kila watoto 100 waliomaliza shule ya msingi, waliopata nafasi ya kidato cha kwanza hawakufika 10, na nafasi zenyewe ziligawiwa kwa mikoa na wilaya. Kijiji kingeweza kutoa mtoto mmoja, au kisitoe hata mmoja. Aliyechaguliwa alisomeshwa, akalazwa na kulishwa kwa sehemu kubwa na serikali. Hakuna aliyeuita mtihani ule wa darasa la saba mtihani wa ufadhili, ila ndivyo ulivyokuwa: bila huo, baba zetu wenye shamba la tumbaku na mizinga michache porini wasingeweza kutupeleka popote.

Ndoto ya wavulana ilikuwa Shule ya Sekondari ya Tabora, iliyoanzishwa mwaka 1925, ambako Julius Nyerere alifika mwaka 1937 akitokea Musoma. Kutoka kwetu ni karibu kilomita 100 tu. Wasichana walitaja Shule ya Wasichana Tabora kwa sauti ileile.

Vitabu vya hisabati vilikuwa vichache, kimoja kikizunguka dawati zima. Mwalimu wetu alituita jioni, baada ya kazi za shamba la shule, akatunga maswali yake mwenyewe ubaoni. KDS (kigawe kidogo cha shirika) na KKS (kigawo kikubwa cha shirika) tulizijua kwa moyo, na MAGAZIJUTO tuliiimba mpaka watoto wa darasa la tatu wakaidaka dirishani: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Hayo yalikuwa ya kukariri tu. Ninayoyakumbuka kwa shukrani ni maswali aliyoyachimba kutoka ardhi ya hapa.

Siku moja aliandika kuhusu msafara. Njia ya kwenda Ujiji ilipita Unyanyembe, na mtemi Mirambo alipoifunga mwaka 1871, Stanley alizunguka kusini kumfuata Livingstone; historia hiyo tuliijua. Swali lilikuwa hili: wapagazi 60 wana pishi 450 za mtama, kila mmoja anakula kibaba kimoja kwa siku, na pishi moja ni vibaba vinne. Baada ya siku 10, wapagazi 20 wanatoroka usiku. Mtama uliobaki utawatosha waliosalia kwa siku ngapi? Ukishapata vibaba 1,800 na kutoa 600 vilivyokwisha kuliwa, zinabaki siku 30. Mwenzetu mmoja alinyoosha mkono akauliza kama waliotoroka hawakuondoka na posho yao. Mwalimu hakumkemea. Alimwambia alete swali jipya lenye sharti hilo, na kesho yake tukalifanya.

Lililotutoa jasho lilikuwa la asali. Debe la lita 20 likijaa maji lina kilo 20. Likijaa asali nzuri, kilo 28, ukiacha uzito wa debe lenyewe. Mrina amepeleka debe lililojaa, mzani unasoma kilo 26. Ikiwa asali imeongezwa maji, ni lita ngapi? Hatukuwa na aljebra ya kutosha kulikamata swali hilo kwa x. Ilibidi kufikiri: kila lita ya asali inayopisha lita ya maji inapunguza kilo 0.4, pengo ni kilo mbili, basi maji ni lita tano. Aliyepata alisimama mbele akaeleza hatua moja baada ya nyingine, na darasa liliruhusiwa kumpinga. Mtoto wa mrina mmoja akapinga kweli: asali iliyorinwa kabla nyuki hawajaifunika kwa nta huwa na maji yake yenyewe, kwa hiyo mzani hauthibitishi kwamba mtu ametia maji. Alikuwa na haki. Swali lilisema “ikiwa”, na siku ile ndipo nilipoona uzito wa neno dogo kama hilo katika hoja.

Karatasi zetu zote zilikuwa na agizo moja, onyesha njia. Jibu likiwa limekosewa lakini hatua ni sahihi, ulipata alama. Kwa hiyo tulijiandaa kwa kueleza, na mtoto aliyenyamaza hakuhesabiwa kuwa anajua.

Mambo yakafunguka baadaye. Ada ya shule ya msingi iliondolewa mwanzoni mwa miaka ya 2000, sekondari za kata zikajengwa kuanzia miaka ya kati ya muongo huo, na kuanzia 2016 elimu ikawa bila ada hadi kidato cha nne. Hilo ni jambo kubwa, na sitakubali mtu alibeze mbele yangu. Lakini mwaka 2012 Baraza la Mitihani lilianza kusahihisha darasa la saba kwa kompyuta, na hisabati nayo ikawa ya kuchagua herufi. Maswali machache ya kuonyesha njia yalirudishwa baadaye, ila mazoea yalikuwa yameshaota mizizi. Twisheni ikawa mbio za kubahatisha: anza na majibu, ondoa mawili yasiyowezekana, kisia kati ya yaliyobaki.

Mpwa wangu sasa anajiandaa kwa mtihani wa ufadhili wa shule ya binafsi. Kuna sehemu ya hisabati na sehemu ya kupima fikra: mifuatano ya namba, maumbo yanayozungushwa, sentensi tatu na hitimisho lipi linafuata. Yote kwa Kiingereza, kwa mtoto aliyesoma miaka saba kwa Kiswahili. Hapo ndipo naona dhuluma hasa, kwa sababu akisomewa swali kwa lugha yake analimaliza kabla sijakaa vizuri. Karatasi anazipata kwenye simu ya mama yake, pamoja na majibu chini. Anasoma peke yake, na hakuna wa kumpinga.

Nilipomwomba anieleze kwa nini jibu ni C, alisema, “Mjomba, wameandika C.” Tangu hapo tunayafunika majibu kwa karatasi. Anaeleza kwanza kwa Kiswahili, mpaka hoja isimame, ndipo tunaiandika upya kwa Kiingereza, sentensi fupi fupi. Nimemletea wenzake wawili wa darasani, maana mjomba hapingiki kirahisi na rafiki anapingika. Kasi imeshuka, mama yake ana wasiwasi, kwa kuwa mtihani una saa. Nami nimemjibu dada yangu kwamba kasi itakuja, mradi kuna kitu cha kukimbiza.

Wiki iliyopita watatu hao walitunga swali lao. Mabasi mawili, moja linatoka Tabora na jingine Mpanda, kwa lami hii mpya. Yatapishana wapi ikiwa la Mpanda limechelewa kuondoka? Mmoja alidai hapa njia panda ya Ipole, mwingine akasema mbele, kuelekea Koga. Walibishana mpaka chakula kikapoa, na kila mmoja alikuwa ameandika hatua zake zote.