Faili la Marehemu

Wahenga walinena kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo, laja. Kuhusu liandikwalo hawakutoa hakikisho lolote.

Umeme hupotea hata Naivasha, jirani ya Olkaria ambako mvuke wa ardhini umekuwa ukizalisha umeme tangu mwaka 1981. Tarehe 25 Agosti 2023 sehemu kubwa ya Kenya iliingia gizani kwa saa nyingi. Umeme unaporejea, taa huwaka papo hapo. Kompyuta haziamki kwa wepisi huo.

Tuchukue mfano wa ofisi ndogo ya chama cha akiba na mikopo, ambako vibarua wa mashamba ya maua hupanga foleni mwisho wa mwezi. Seva imewashwa, lakini hifadhidata ya akaunti inakataa kuanza. Inadai kuwa tayari inafanya kazi! Kisa na maana, huduma iendeshwayo chini kwa chini mara nyingi huandika nambari ya mchakato wake katika faili dogo inapoanza, mithili ya mlinzi atiaye saini kitabuni aingiapo zamu. Ikizimwa kwa utaratibu, hulifuta faili hilo. Umeme ukikatika ghafla, hufa bila kuaga, na saini husalia. Ajaye huikuta, akadhani mwenzake yungali zamuni, akarudi alikotoka.

Fundi mwenye pupa hulifuta faili na kuendelea. Iwapo mchakato wa awali ungali hai, michakato miwili itaandika katika daftari moja, na akiba ya kibarua itavurugika. Fundi mwangalifu huisoma nambari, kisha akauliza mfumo endeshi kama yupo mwenye nambari hiyo. Aidha, huchunguza kama ni huduma ile ile, kwani kompyuta ikiwashwa upya nambari hugawiwa wengine, kama jina la marehemu lirithiwavyo na mjukuu. Akithibitisha kuwa mwenyewe hayupo, ndipo hufuta.

Mifumo mingi ya Linux siku hizi huyaweka mafaili haya katika kumbukumbu ya muda, yakatoweka kompyuta izimikapo. Hata hivyo, baadhi ya hifadhidata huyaweka diskini pamoja na data, na uchunguzi ungali wa lazima.

Ama kwa hakika, anayeamini maandishi bila kuuliza huwanyima watu haki yao leo. Anayeyafuta bila kuuliza huweza kuwapotezea akiba ya mwaka mzima. Swali lenyewe ni fupi: mwenye saini hii yu hai?