Regyuleta Iliyoniunguza Kidole

 

Leo nataka kuwaeleza kosa langu. Nalieleza kwa sababu nusura limfanye binti yangu aache kazi anayoipenda, na kwa sababu baadhi yenu mtakuja kununua kidude hikihiki.

Wiki mbili kabla ya Idi Kubwa, binti yangu wa miaka 12 alitaka kutundika taa ndogo kwenye roshani yetu hapa Muscat. Taa zake zinataka volti 5. Alinunua regyuleta ya 7805, kile kidude cheusi chenye miguu mitatu na bamba la chuma mgongoni. Kazi yake ni kupokea volti nyingi na kutoa 5 tu. Mimi nikampa adapta ya zamani ya volti 12 iliyokuwa kabatini.

Taa ziliwaka, tukafurahi. Baada ya dakika chache zikazimika. Zikawaka zenyewe, zikazimika tena. Nikamwambia, "Umeunga waya vibaya. Nimekwambia mara ngapi usifanye haraka?"

Akajibu kwa sauti ndogo, "Baba, sijagusa kitu."

Sikumsikiliza. Nikaishika regyuleta nijionee mwenyewe. Kidole kikaungua, nikapiga kelele. Yeye akakusanya vitu vyake, akavitia kwenye boksi, akalisukuma chini ya kitanda.

Usiku ule nilikaa na kalamu. Volti 12 zinaingia, 5 zinatoka. Zile 7 zinakwenda wapi? Hazipotei, watoto. Regyuleta ya aina hii huzigeuza kuwa joto. Hesabu yake ni rahisi: chukua volti zinazoingia, toa zinazotoka, kisha zidisha kwa ampea. Taa zetu zilitumia ampea 0.3. Kwa hiyo 7 mara 0.3 ni wati 2.1 za joto. Taa zenyewe zilikula wati 1.5 tu! Tulikuwa tunapoteza umeme mwingi kuliko tulioutumia.

Regyuleta hii ikiachwa peke yake, ndani yake hupanda takriban nyuzi 60 juu ya joto la hewa kwa kila wati moja. Kwa wati 2.1 ni nyuzi 126. Ongeza nyuzi 30 za chumbani, unapata 156. Ikifika karibu na nyuzi 150 hujizima yenyewe isiharibike, na ikipoa hujiwasha. Ndiyo maana taa zilikuwa zikizimika na kuwaka. Waya za mtoto zilikuwa sawa. Kosa lilikuwa adapta yangu.

Jibu nililipata usiku uleule, lakini kumwambia mtoto "nimekosa" kulinichukua wiki nzima. Siku niliposema, alinitazama kidogo, kisha akauliza, "Sasa tufanye nini, baba?" Akaenda kulivuta boksi.

Tulifanya mambo mawili. Kwanza, tulibadilisha adapta, tukaweka ya volti 9. Sasa joto ni 4 mara 0.3, yaani wati 1.2. Msishuke chini sana, kwa sababu 7805 inahitaji kama volti 7 ili itoe 5 sawasawa. Pili, tulifunga kwa skrubu bamba la alumini lenye mapezi kwenye mgongo wa regyuleta, ili joto lipate nafasi ya kutokea hewani. Hilo ni muhimu zaidi kwetu sisi tunaoishi huku, maana roshani ya Juni yenye nyuzi 40 imeshakula nyuzi kumi kabla hujawasha kitu. Pia usiifungie regyuleta ndani ya kopo lisilo na matundu.

Kama kifaa chako kinahitaji ampea nyingi, tafuta regyuleta ya aina nyingine, inayokata umeme vipande vidogo vidogo kwa kasi kubwa badala ya kuugeuza joto. Hiyo hupoteza kidogo sana.

Na kidole usikipeleke kama mimi. Sogeza mgongo wa mkono karibu bila kugusa, utalisikia joto. Hata ukishazima umeme, subiri. Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa, na regyuleta haina hata kovu la kukuonyesha.

Usiku wa Idi taa ziliwaka mpaka tukaenda kulala. Wazazi, mtoto akisema hajagusa kitu, pimeni kwanza ndipo mgombe.

Nanyi watoto, fanyeni hesabu hii mje nayo Jumamosi: volti 9 zinaingia, 5 zinatoka, taa zinatumia ampea 0.2. Joto ni wati ngapi?