Nyota za Kijana wa Miaka 17

Mwaka 2009, nikiwa mwanafunzi wa uzamivu nchini Marekani, nilipewa kazi ya kusahihisha insha za mwaka wa kwanza. Darasani walikuwamo vijana wawili wa timu ya chuo ya futiboli ya Kimarekani. Mmoja alikuwa na nyota nne, mwenzake mbili. Niliambiwa hivyo na wanafunzi wengine, kwa uzito ule ule ambao kwetu humtaja mtu pamoja na daraja lake la kidato cha nne.

Nyota hizo hutolewa na makampuni ya intaneti, Rivals wakati ule na 247Sports baadaye, ambayo huwapima wachezaji wa sekondari nchi nzima. Wenye tano kila mwaka ni wachache, thelathini na kitu hivi. Kisha vyuo navyo hupangwa kwa kufuata nyota za vijana waliowasajili.

Kwa muda mrefu niliudharau upimaji huo, na mifano ya kunitetea haikukosekana. J.J. Watt alitoka sekondari na nyota mbili, akaja kuwa mlinzi bora wa mwaka wa ligi ya kulipwa, NFL, mara tatu. Mwaka 2022 Texas A&M ilisajili kundi lililoshika nafasi ya kwanza kitaifa; msimu huo huo ikashinda mechi 5 na kupoteza 7.

Lakini mifano ya aina hii hupotosha, nami niliyefundishwa takwimu nilipaswa kuliona hilo mapema. Wenye nyota mbili na tatu ni maelfu. Hata akifanikiwa mmoja tu katika mamia, majina yao yatajaa midomoni mwetu. Ukitazama makundi badala ya mtu mmoja mmoja, picha hubadilika. Mwandishi Bud Elliott alionyesha kuwa mabingwa wa taifa karibu daima hutoka katika vyuo ambavyo, kwa miaka minne ya usajili, zaidi ya nusu ya vijana wao walikuwa na nyota nne au tano. Januari 2023, TCU, chuo kisichokuwa na hazina ya namna hiyo, kilifika fainali kwa ushujaa ambao hata mimi niliushangilia. Georgia iliyosheheni nyota iliifunga 65 kwa 7.

Basi nyota zina ukweli, tena mkubwa. Kinachonisumbua ni namna ukweli huo unavyotengenezwa. Chuo kama Alabama kikimtaka kijana, wapimaji humtazama upya, na aghalabu nyota yake hupanda. Akishafika chuoni, mwenye nyota nyingi husubiriwa: akikosea hupewa nafasi ya pili, akiumia hutunzwa hadi msimu ujao. Sehemu ya mafanikio yake ilitabiriwa. Sehemu nyingine alitengenezewa na wale wale walioamini utabiri.

Vijana wangu wawili waliumia goti mwaka mmoja. Enzi hizo ufadhili wa wanamichezo ulitolewa kwa mwaka mmoja mmoja, chuo kikiamua kuuendeleza au kuukata. Wa nyota nne alirudi uwanjani. Wa nyota mbili hakuongezewa mwaka, na muhula uliofuata jina lake halikuwamo katika orodha yangu. Niliwalaumu makocha, kimoyomoyo, kwa miaka mingi.

Hivi karibuni, nikijiandaa kwa kikao cha udahili hapa chuoni, nilikuwa nikipekua makaratasi ya zamani nikakuta daftari langu la alama la mwaka ule. Pembeni mwa jina la yule wa nyota nne nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu kwamba nimemwongezea siku tatu za kukamilisha insha, kwa sababu ya goti. Mwenzake alipewa sifuri ya kuchelewa. Yeye hakuniomba muda, nami sikumuuliza.