Kijiko Kinaanzia Nyuma

Mama mmoja alinipigia simu mwezi wa tano, mvua zikikatika Njombe. Ana ng'ombe wa maziwa, na nyuma ya banda kulikuwa na kilima cha samadi inayosubiriwa na mashimo ya parachichi. Vijana wake walikuwa wakijaza tela kwa beleshi, safari mbili tu kwa siku nzima. Kwenye karakana ilikuwapo Massey Ferguson 135 ya marehemu mumewe, na ukutani kumeegemezwa kijiko cha mbele kilichonunuliwa kikiwa kimetumika, kilichokuja na kontena kutoka Uingereza.

"Fundi," akaniambia nilipofika, baada ya kuamkiana, "mimi nataka kitu kimoja. Kisije kikanipindulia kijana."

Nikamwambia, "Mama, trekta hii itakibeba. Ila kazi yangu kubwa itakuwa nyuma, siyo mbele." Alinitazama kama mtu aliyeagiza mlango akaambiwa habari za msingi. Sikumlaumu. Mimi mwenyewe nilijifunza jambo hili kwa kuharibu mali ya mtu.

Massey 135 haina chesisi. Lori lina vyuma viwili virefu vinavyobeba kila kitu. Trekta hii haina. Injini imefungwa kwa bolti kwenye gia boksi, gia boksi kwenye difu, na chuma hicho cha kumimina ndicho mgongo wenyewe. Ilipokuwa ikitoka kiwandani Coventry, kati ya 1964 na 1975, kazi yake kubwa ilikuwa kuvuta plau, na plau inavutwa kwa nyuma. Ukiifunga kijiko unaiwekea mzigo puani, na mgongo unavunjwa pale injini inapokutana na gia boksi.

Kijiko changu cha kwanza nilikifunga kama wengi wanavyofunga. Nguzo mbili, mbele zimeshika kwenye kiti cha eksili, nyuma zimeishia kwenye bolti za gia boksi. Kilinyanyua vizuri, mwenye mali akafurahi, nikalipwa. Msimu ulipokwisha akanirudia: kuna oili inatoka pale katikati, kidogo tu. Nikasafisha chuma mpaka kikang'aa, nikapaka mafuta ya taa, nikafuta pakavu kabisa, halafu nikapaka unga wa chaki. Tulikaa tukitazama. Taratibu mstari ukajichora kwenye ule weupe, mwembamba kama unywele, ukianzia kwenye tundu la bolti niliyoifunga kwa mkono wangu. Chuma cha kumimina hakipindi kwanza kikakuonya. Tuliitenganisha trekta katikati, tukatafuta nyumba nyingine ya klachi kutoka kwenye trekta mbovu, na nusu ya gharama nikailipa mimi. Ilikuwa haki yake.

Kwa hiyo kwa mama nilianzia kwenye eksili ya nyuma. Nilifunga vyuma viwili vya boksi, kimoja kila upande, vikipita chini ya pa kukanyagia miguu hadi kwenye mikono ya eksili ile, na nguzo za kijiko zikasimama juu ya vyuma hivyo. Mzigo unapopanda, nguvu inapita kwenye vyuma mpaka nyuma. Gia boksi haiulizwi kitu. Sikuchomelea popote kwenye mwili wa trekta. Zote ni bolti zenye namba 8.8 kichwani, maana zile laini za dukani zinavutika kama ulimbo.

Halafu hesabu ya uzito, ambayo nilimchorea mama kwa mkaa sakafuni. Kutoka eksili ya mbele hadi ya nyuma ni karibu mita 1.8. Kijiko kikining'inia mita 1.5 mbele ya eksili na kubeba samadi ya kilo 400, eksili ya mbele haiongezewi kilo 400. Inaongezewa karibu 730. Zile 330 zinanyang'anywa magurudumu ya nyuma, na ndiyo yenye breki. Trekta yenyewe ina kama tani moja na nusu. Njombe ni milima. Ukiteremka na kijiko kilichojaa huku nyuma kukiwa kwepesi, huna breki.

Dawa yake ni pipa la lita 200 lililomiminwa zege, karibu kilo 480, linaloning'inia kwenye mikono ya plau. Tairi za nyuma tukazijaza maji robo tatu. Mbele nikabadilisha bushi ya pini ya katikati, ilikuwa imelika, na nikaweka tairi zenye ply 8. Mama alishtushwa na bei za tairi, lakini hapo sikukubali kupunguziwa. Wala kwenye nguzo ya kumkinga dereva na mkanda wake: nilitaka iliyotengenezwa kiwandani kwa trekta hiyo, siyo bomba la kuchomelea gereji.

Pampu ya haidroliki ya trekta hii imezama ndani ya oili ileile ya gia, na inatoa chini ya lita 20 kwa dakika. Kijiko kitapanda, lakini polepole, na ukikanyaga klachi mpaka chini pampu nayo inasimama, kijiko kinagandia njiani. Vumbi la samadi likipita kwenye sili za silinda linaishia kwenye gia. Nikaweka pampu ya pembeni mbele, inayozungushwa na kranki, na tanki lake peke yake. Tulipoijaribu mpira mmoja ulivuja, na kijana akanyoosha mkono apapase. Nilimshika kabla hajafika. Oili ya presha ile inapenya ngozi kama sindano, na mkono unaweza kukatwa. Tulitafuta tundu kwa kipande cha kadibodi.

Siku ya kwanza walipakia tela saba. Kijana aliendesha kama nilivyomwelekeza, kijiko kikiwa chini usawa wa goti, hata kikiwa kitupu.

Baada ya saa kumi za kazi nilirudi na spana. Bolti nne kati ya kumi na mbili zilikuwa zimelegea, kila moja kama robo ya mzunguko. Nikazikaza, halafu nikachora rangi nyeupe kutoka kwenye kichwa cha kila bolti hadi kwenye chuma kilicho chini yake. Mama akauliza zile alama za nini. Nikamwambia bolti ikigeuka hata kidogo, mstari utakatika. Tangu siku hiyo yeye ndiye anayezikagua, kila asubuhi, kabla kijana hajapewa ufunguo.