Kiazi cha Ortaköy, kiazi cha Naxos

Ortaköy, Istanbul. Vibanda vya kumpir vimepangana jirani na msikiti, ufukweni mwa Bosphorus. Muuzaji anachomoa kiazi kikubwa kwenye oveni, anakipasua bila kukitenganisha, anatia siagi na jibini iliyokwaruzwa, kisha anavisonga kwa uma humo humo ndani ya ganda mpaka jibini inavutika nyuzinyuzi. Ndipo zinapofuata zeituni, mahindi, achari na soseji, unachotaka unakionyesha kwa kidole. Kitamu, ila ladha ni ya siagi na jibini. Kiazi kimekuwa sahani tu.

Naxos, Ugiriki. Kisiwa hiki kinasifika kwa viazi vyake, na pia kwa jibini yake ya graviera. Lakini Kwaresima ya Waorthodoksi ikiingia, wafungao huiweka jibini kando. Kuanzia Jumatatu Safi hadi Pasaka hawali nyama, mayai wala chochote cha maziwa. Samaki huruhusiwa 25 Machi na Jumapili ya Matawi. Pweza na ngisi si mwiko. Sisi wa pwani tumezoea kufunga kutwa na kufuturu jua likizama. Wenzetu hawa hula mchana, ila huchagua wanachokula.

Kiazi chenyewe si mwenyeji wa siku nyingi. Wagiriki husimulia kwamba Ioannis Kapodistrias, gavana wao kuanzia 1828 hadi 1831, aliweka walinzi kwenye shehena ya viazi kule Nafplio, makusudi, ili watu wadhani ni mali na waviibe. Wakaviiba kweli. Leo viazi, vitunguu saumu, mafuta ya zeituni na siki au limau vikipondwa pamoja ndiyo skordalia, inayoliwa 25 Machi na samaki wa chumvi wa kukaanga. Ni laini kama malai, wala haina tone la maziwa.

Mama mwenye nyumba niliyofikia hurudisha mchanganyiko huo ndani ya ganda. Huchagua viazi vya unga vya gramu 250 hivi, huvitoboatoboa kwa uma, huvipaka mafuta na chumvi, na kuvioka kwa nyuzi 200 kama saa nzima. Havifungi kwa karatasi ya alumini, maana mvuke hulainisha ganda. Hukomba nyama ya kiazi ingali moto na kuiponda kwa mkono huku akichuruzisha mafuta kidogo kidogo. Blenda haiguswi: husaga wanga hadi kiazi kikanata kama gundi. Juu huweka zeituni za Kalamata, kapari, nyanya, kitunguu chekundu na oregano kavu. Chumvi ambayo ungeitegemea kwa jibini ya feta inatoka kwenye zeituni na kapari. Ukali wake unatoka kwenye limau.

Athens. Madukani kuna "feta" isiyo na maziwa, iliyotengenezwa kwa mafuta ya nazi. Mtu wa pwani angeishangilia nazi hiyo. Niliionja juu ya kiazi cha moto: ikayeyuka, ikaacha utando wa mafuta na ladha ya chumvi tu.

Dar es Salaam. Viazi vya Njombe vinafaa, na limau halikosekani. Mafuta ya zeituni ndiyo ghali, basi pondea ya alizeti, kisha umalizie na kijiko kimoja cha zeituni juu, pale ulimi unapoanzia. Jibini ya kuigiza iache dukani.