Kalipa Nyekundu, Njia ya Koboko
Msafiri atokaye Arua kwenda Koboko, mji ulio jirani na mipaka ya Kongo na Sudani Kusini, hupita leo juu ya lami palipokuwa na changarawe na vumbi jekundu. Lami huongeza mwendo, nao mwendo hudai breki imara.

Ndugu dereva, utakapo kuipaka rangi kalipa, yaani chuma kibanacho diski ya breki, iondolee kwanza kutu na mafuta, kisha utumie rangi istahimiliyo joto. Isiguse diski, pedi wala mipira. Rangi ya unga huokwa kwa joto la karibu nyuzi 200. Mipira itolewe kabla.

Rangi huzuia kutu, haisimamishi gari. Kalipa ivujayo itengenezwe kwanza: nyumbani wanamngoja msafiri, hawangoji pambo.